NANI ALIKUWA ANAMWANGALIA?

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:28–34, Ezekieli 33:1–6

Mchungaji wetu amenipa ukurasa huu wiki hii kwa sababu likizo ya Agosti iko karibu, na kamati ya vijana tayari inauliza tutawapeleka watoto wapi. Kabla sijajibu hilo, kuna deni mnalonidai. Ni kuwasimulia vizuri yaliyotokea katika matembezi yetu ya miaka miwili iliyopita. Wengi wenu mliyasikia kama ushuhuda. Niliutoa mimi mwenyewe pale mbele, mkapiga makofi, tukaimba. Haukuwa uongo. Lakini ulikuwa nusu.

Mnakumbuka tulienda kwenye hoteli moja yenye kidimbwi cha kuogelea. Sitaitaja, maana makosa ninayotaka kuyazungumzia ni yangu. Watoto walikuwa 46, viongozi tulikuwa saba. Hoteli ilitaka shilingi 300 kwa kila mtoto. Mnajua nilisomea mambo ya biashara, basi nikaenda kukaa na meneja, nikamweleza kwamba sisi ni kanisa, tutarudi mwaka ujao, tutaleta wengine. Nikatoka na bei ya 200. Kwenye kamati nilijisifu kidogo, ukweli usemwe. Niliuliza bei, nikauliza kama soda iko ndani ya bei, nikauliza mahali pa kuegesha basi. Sikuuliza kidimbwi kina kina gani. Sikuuliza kama kuna mwokoaji, na kama yuko, kazi yake ni hiyo tu au ana nyingine.

Alikuwako. Kijana mpole, fulana nyekundu, filimbi shingoni. Ndiye pia aliyekuwa akikata tiketi langoni na kukusanya chupa za soda. Ile shilingi mia niliyopunguziwa ilitoka mahali fulani, sivyo? Sisemi ilitoka kwake. Nasema sikuuliza.

Halafu kulikuwa na fomu. Hiyo niliiandika mimi, kwa mikono hii. Chuoni tulifundishwa sheria ya biashara, na nilijua kifungu kizuri kinavyoandikwa: mzazi anakubali kwamba kanisa, wachungaji na viongozi wake hawatawajibika kwa ajali, jeraha wala kifo. Wazazi 46 walisaini. Pale kidimbwini nako kulikuwa na bango la hoteli likisema kila anayeogelea anaogelea kwa hiari yake na hatari ni yake. Kwa hiyo siku ile hatari ilikuwa imegawiwa vizuri kabisa. Hoteli haikuwa nayo, kanisa halikuwa nayo. Ilikuwa imebaki kwa watoto.

Mvulana mmoja wa miaka 13 alikuwa ameambiwa akae upande wa maji mafupi. Sakafu ya kidimbwi kile inaenda tambarare halafu inateremka ghafla, na hapakuwa na kamba wala alama ya kuonyesha mahali pa mwisho. Akasonga hatua moja, mbili, ya tatu haikupata chini.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili linaweza kuokoa mtoto wako. Methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa, na sisi sote tunangoja kuona huko kutapatapa. Tunangoja makelele, mikono juu, maji kurushwa. Mara nyingi haiwi hivyo. Mtu anayezama anatafuta pumzi tu, na mdomo ulioko usawa wa maji hauna nafasi ya kupiga kelele. Mikono inasukuma maji kwa kando, haiwezi kupunga. Kichwa kinalegea nyuma, macho yanatazama mahali pasipo kitu. Kwa yule aliye ukingoni anaonekana kama mtu anayecheza au anayepumzika. Na muda ni mfupi, mara nyingi hata dakika nzima haifiki kabla hajaenda chini. Viongozi sita tulikuwa mita chache kutoka pale, tukigeuza nyama na kuongea habari za mkesha. Wa saba alikuwa kwenye simu. Hakuna aliyesikia chochote kwa sababu hapakuwa na cha kusikia.

Aliyeona ni msichana wa darasa la sita, amekaa ukingoni miguu ndani ya maji. Akauliza, “Kwani huyu anacheza ama?” Kijana wetu mmoja wa kwaya, aliyekulia Kisumu na anayelijua ziwa, hakungoja jibu. Aliruka na nguo zake.

Alitolewa hapumui vizuri, akapuliziwa pumzi, akatapika maji, akalia. Tukamkimbiza hospitali, wakakaa naye usiku kucha kwa sababu maji yakiingia mapafuni hali inaweza kubadilika hata baadaye. Asubuhi alikuwa mzima. Huo ndio ushuhuda mlioupata.

Nusu ambayo hamkuipata ni hii. Alipokuwa amelala pale kwenye vigae anakohoa, nilipiga magoti kando yake nikaweka mkono kichwani pake. Watu walidhani ninaomba. Nilikuwa nikijiuliza kama mama yake alisaini fomu, na kama ile faili niliiacha kwenye basi au ofisini.

Jioni nilienda na shemasi mmoja kumwona mama huyo hospitalini. Anauza mboga, wengi mnamjua, naye ameniruhusu kusimulia mradi nisimtaje. Nikaanza kumweleza jinsi Mungu alivyotenda. Akanisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Halafu akasema, “Pasta, hiyo ya Mungu nimeelewa. Nani alikuwa anamwangalia?”

Nikamwambia, “Mama, tulikuwa wengi.”

Akasema, “Wengi nani?”

Swali hilo nimekaa nalo miaka miwili. Ni kweli alisaini. Nilimuuliza baadaye kama aliisoma ile karatasi, akacheka. Alisaini usiku akihesabu mauzo, kwa sababu ni kanisa, na kwa sababu mtoto alikuwa amesimama hapo na kalamu mkononi. Basi swali langu la leo ni hili: saini ya mzazi inaweza kuuhamisha wajibu wa yule aliyemchukua mtoto?

Tuanze na Torati, maana wengine mnadhani mambo ya dhima na fidia ni ya mawakili na Wazungu. Katika Kumbukumbu la Torati 22 Mungu anamwambia mtu ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta kwenye dari yake, ili damu isije ikawa juu ya nyumba yake mtu akianguka. Dari za kule zilikuwa bapa, na watu waliishi juu yake. Rahabu alianika kitani juu ya dari, Petro alipanda darini kuomba. Lilikuwa mahali pa kazi, pa hewa safi na pa ibada, kama vile kidimbwi kilivyo mahali pa furaha. Mungu hakukataza watu kupanda. Alimwamuru mwenye nyumba ajenge ukingo, tena ajenge kabla mtu hajaanguka, wakati bado hakuna jeneza wala kesi. Angalia pia andiko halisemi nini. Halimwambii aandike bango, wala halimtaki kila mgeni akiri mlangoni kwamba akianguka ni shauri yake. Halisemi hata aombe, ingawa najua wengi wao waliomba.

Kutoka 21 inaingia ndani zaidi. Mtu akichimba shimo asilifunike, na punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Nilipokuwa nasoma mambo ya bima nilidhani bima ya madhara kwa watu wengine ilibuniwa London. Wapendwa, iko katika Kutoka! Mistari michache kabla ya hapo kuna habari ya ng'ombe dume mwenye kupiga pembe. Kama hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe anaachiliwa. Lakini kama alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimzuie, akiua mtu hata mwenyewe ana hatia ya kifo. Kilichobadilika hapo katikati si ng'ombe. Ni kile alichokijua mwenyewe. Kujua kunaongeza dhima.

Hebu sasa lisome tena lile bango la hotelini. Anayeandika kwamba hatari ni yako amekiri kwamba kuna hatari na kwamba anaijua. Na mimi niliyeandika neno “kifo” kwenye fomu nilikuwa nimekifikiria kifo cha mtoto wa mtu vya kutosha hata nikakitungia kifungu, lakini si vya kutosha hata ninunue kamba ya kufunga katikati ya kidimbwi. Kamba hiyo haifiki hata bei ya mbuzi tuliyemchoma siku hiyo.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali na hapo. Kuna sheria ya wajibu wa wanaosimamia majengo na mahali, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Inamtaka anayesimamia mahali achukue hadhari ya kutosha ili mgeni wake awe salama kwa shughuli aliyoalikwa kufanya. Inasema ategemee kwamba watoto watakuwa wazembe kuliko watu wazima, yaani utoto si ajali ya kushangaza, ni jambo la kupangiwa. Tena inasema onyo peke yake halitoshi kumwondolea lawama, isipokuwa kama onyo lenyewe lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Kusema “hatari ni yako” hakumwelezi mtoto kwamba hatua ya tatu haina sakafu.

Na hiyo sheria ya uzembe tuliyoirithi kutoka Uingereza ina hadithi ambayo kila Mpentekoste angeipenda. Mwaka 1928 katika mji wa Paisley, Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake, akanywa, kisha akadai kwamba chupani mlikuwa na konokono aliyeoza, akaugua. Angemshtaki nani? Si yeye aliyenunua. Hakuwa na mkataba wala risiti, hakusaini chochote na mwenye kiwanda. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 1932 Jaji Atkin akaujenga uamuzi wake juu ya swali ambalo yule mwanasheria wa Luka 10 alimuuliza Yesu, kwamba jirani yangu ni nani. Jibu lake, kwa maneno yangu, lilikuwa kwamba jirani yangu ni yule ambaye nikifikiri vizuri ningeona kuwa tendo langu au uzembe wangu unaweza kumdhuru. Mama yule alidaiwa uangalifu bila karatasi yoyote. Nikaelewa kosa langu. Mimi nilidhani wajibu unaanzia kwenye fomu, kwa hiyo fomu inaweza kuuondoa. Wajibu ulikuwa umeanza pale mtoto alipopanda basi letu.

Kuna mtu atasema, pasta, mbona hujamlaumu mtoto? Si aliambiwa akae upande wa maji mafupi? Ni swali la haki, na mahakama zetu pia huuliza. Huweza kugawa lawama kwa sehemu, mwenye mahali akabeba kiasi na aliyeumia akabeba kiasi. Ezekieli 33 inafanya hivyohivyo. Mlinzi akipiga tarumbeta na mtu akasikia asijali, damu yake iko juu ya kichwa chake mwenyewe. Mlinzi akiuona upanga asipige, damu itatakwa mkononi mwa mlinzi. Mtu mzima aliyelewa, akaonywa na mwokoaji mara mbili, akaruka tu, huyo amesikia tarumbeta. Lakini mvulana wa miaka 13 aliyeambiwa saa nne asubuhi “kaeni upande huu”, na upande huo hauna mwisho unaoonekana, na mlinzi yuko langoni anakata tiketi? Sioni ni tarumbeta gani aliyoisikia.

Jambo linalonisumbua zaidi ni letu wenyewe tuliookoka. Mtoto alipona, tukasema Mungu ametenda, na ni kweli ametenda. Lakini niliona jinsi shukrani ilivyofunga mazungumzo. Baada ya ushuhuda ule hakuna mzee wa kanisa, wala mzazi, aliyeniuliza habari za kamba, wala za kina, wala za yule wa saba na simu yake. Na kama angekufa, najua tungefanya nini, kwa sababu nimehudhuria mazishi kama hayo. Tungesimama kando ya kaburi na maneno ya Ayubu, na mama yake angeambiwa asimlaumu mtu, ni mapenzi ya Mungu. Akipona hatuulizi, akifa hatuulizi. Ayubu alisema maneno yale juu ya hasara yake mwenyewe. Hakuyasema juu ya mtoto wa jirani aliyetumbukia katika shimo lililochimbwa na Ayubu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 pekee watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wasiofika miaka mitano. Wengi hawakufia kwenye vidimbwi vya hoteli. Walifia mitoni, ziwani, kwenye mashimo ya machimbo yaliyojaa maji ya mvua, kwenye ndoo na matangi nyumbani. Wewe uliyechimba shimo la maji shambani ukaliacha wazi, Kutoka 21 inakuhusu vilevile. Siwezi kuamini kwamba vifo vyote hivi ni siri za Mungu. Vingi ni vya mashimo yasiyofunikwa.

Pilato aliomba maji, akanawa mikono mbele ya watu, akatangaza kwamba hana hatia. Tumekariri jina lake kanisani kwa karne nyingi, na maji yale hayajamsaidia. Ile fomu yangu ilikuwa beseni. Labda ingeshinda mahakamani, labda isingeshinda, hiyo ni kazi ya mawakili. Hata ikishinda, sioni nikiitoa mbele ya kiti cha hukumu.

Baadhi ya wazee, waliposikia nikiongea hivi, walipendekeza tuache matembezi kabisa. Hiyo nayo naikataa. Ni yule mtumwa aliyezika talanta kwa sababu ya woga, akajiona mwangalifu. Dari ijengwe ukingo, watu wapande. Mwezi ujao tuna ubatizo, na kama mnavyojua tunakodi kidimbwi, kwa hiyo hatuwezi kuyakwepa maji hata tukitaka. Mwaka jana tulimzamisha mzee mwenye ugonjwa wa moyo, na hakuna aliyemuuliza kuhusu moyo wake kabla ya kumuuliza kama amezaliwa mara ya pili.

Kwa hiyo tumebadilisha mambo machache, na mtuulize kama hatuyafanyi. Mwokoaji awe hana kazi nyingine, hata kama bei itarudi 300. Kamba tunanunua yetu, tunaibeba. Kila kiongozi ana watoto wake kwa majina, na wakiwa majini hashiki simu wala hageuzi nyama, na akienda chooni anamkabidhi mwenzake kwa sauti. Mashemasi wawili na mimi tumeanza kujifunza kuogelea kila Jumamosi asubuhi. Nawaambia ni aibu tupu, tunafundishwa na kijana wa umri wa watoto wetu.

Fomu bado iko, maana tunahitaji kujua nani ana pumu na nani ana kifafa na namba ya simu ya mzazi. Kile kifungu nimekiondoa. Mahali pake kuna mstari mmoja: jina la atakayemwangalia mtoto huyu majini, na saini yake. Anayesaini hapo ni sisi.

Jumapili iliyopita yule mama alikuja na dada mdogo wa mvulana, ambaye sasa amefika umri wa kwenda. Nikampa fomu. Safari hii aliisoma yote, amesimama pale nje karibu na tangi la maji, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye mstari ule akauliza hiyo saini ni ya nani.

Nikamwambia, “Ni yangu, Mama.”

“Na wewe, Pasta, unajua kuogelea?”

Nikamwambia bado, najifunza.

Akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye mkoba. “Basi ukishajua utaniambia.”